Kupiga Picha za Mandhari Ukipanda Mlima Meru: Mwongozo Kamili, Kutoka Geti la Momella Hadi Kileleni

Picha ninazoonyeshwa na watu waliotoka kupanda Mlima Meru, Arusha, zina kasoro zilezile. Anga limekuwa jeupe kama shuka, miamba ni ya kijivu, na Kilimanjaro, ambayo kule juu iliwatoa machozi, imebaki kama kichuguu cha mbali. Mtu amepanda takriban mita 3,000 kwa miguu yake, hakulala, na pesa imemtoka. Akishuka, swali lake ni moja: ninunue kamera gani?

Kamera uliyo nayo inatosha, hata kama ni simu. Meru ina saa chache za mwanga na sehemu chache za kusimama, na wengi huzipita wakiwa wamechoka, wanaongea, au kamera imezama chini ya begi. Mwongozo huu unafuata njia yenyewe, siku kwa siku, ili ujue wapi utoe kamera na wapi uiache mfukoni.

## Vitu vya kubeba

Andaa hivi nyumbani, wiki moja kabla ya safari:

- Kamera yenye lenzi mbili, au simu yenye lenzi ya kuvuta karibu. Lenzi pana ni kwa ajili ya kreta (bonde la volkano) na msitu. Ya kuvuta, kuanzia milimita 85 hadi 200, ni kwa ajili ya Kilimanjaro. Ukilazimika kuacha moja, usiache ya kuvuta. Sababu utaiona katika hatua ya 4.
- Betri mbili za akiba, au pawabenki. Baridi ya usiku wa kileleni hunyonya betri haraka.
- Tripodi nyepesi isiyozidi kilo moja na nusu. Kama huna, shona kimfuko cha nusu kilo ya maharage. Ukikiweka juu ya jiwe, kamera hulala juu yake bila kutikisika.
- Tochi ya kichwa yenye taa nyekundu, isiyoumiza macho yako wala ya wenzako gizani.
- Vitambaa viwili vya kufutia lenzi, kila kimoja mfuko wake. Kimoja kitalowa siku ya kwanza tu.
- Kanga kuukuu. Hufunika kamera kwenye manyunyu, hukauka upesi, na usiku huifunga isigongwe.
- Mfuko usiopitisha maji, wa kukunja mdomo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo usitegemee ya dukani.
- Glovu nyembamba ndani ya glovu nene, ili uweze kubonyeza bila kuacha vidole wazi.
- Memori kadi mbili. Zitumie kwa zamu, usijaze moja mpaka mwisho.

Droni iache nyumbani. Ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi bila kibali maalumu.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha usiku

Hewa safi kuliko zote huja mvua zikishakatika tu: Juni baada ya masika, Januari baada ya vuli. Mvua huwa imeosha vumbi na moshi angani. Kuanzia Agosti, ingawa mvua ni chache, vumbi la mbugani na moshi wa mashamba hutanda, na Kilimanjaro hufifia hata siku isiyo na wingu.

Mwezi unaochagua unaamua pia jua litachomozea wapi. Ukiwa kileleni Meru, Kibo, yaani kilele kikuu cha Kilimanjaro, iko mashariki, imeelekea kaskazini kidogo, umbali wa kilomita 70 hivi. Mwanzoni mwa Mei na mwanzoni mwa Agosti jua huchomoza karibu kabisa na Kibo. Juni huchomoza kushoto kwake kidogo. Desemba na Januari huchomoza mbali upande wa kulia, na hapo Kibo hupata mwanga wa ubavuni unaoonyesha mikunjo yake. Kama ndoto yako ni jua likichungulia begani mwa Kilimanjaro, usipande Januari ukategemea kuipata.

Mwisho, angalia mwezi wa angani. Mimi huchagua usiku wa mwezi mpevu au unaofuata. Njia ya ukingo wa kreta huonekana vizuri, na alfajiri mwezi unakuwa bado uko magharibi wakati jua linatoka mashariki. Anayetaka nyota afanye kinyume: aende mwezi ukiwa mwandamo.

Chukua siku nne badala ya tatu. Siku ya ziada hukupa nafasi ya kushuka taratibu asubuhi ya kilele, nako kushuka ndiko kwenye nusu ya picha nzuri za mlima huu.

Umefanikiwa kama kabla ya kulipa umeshaandika kwenye karatasi tarehe, saa ya jua kuchomoza na upande litakapotokea.

## Hatua ya 2: Zungumza na askari getini

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo huharibu safari kuliko ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) au lenzi. Meru ina nyati na tembo, kwa hiyo kila kundi hutembea na askari wa hifadhi mwenye silaha, na kundi halitawanyiki. Huwezi kubaki nyuma robo saa ukisubiri wingu liondoke. Ukijaribu, askari atakuita, tena kwa haki kabisa.

Basi omba mapema, pale Momella, kabla hamjaanza. Kwa mfano: "Shikamoo afande. Mimi napiga picha. Naomba tukifika kwenye ule mtini wa tao, na kule Mgongo wa Tembo, tusimame dakika kumi kumi. Kesho jioni ningependa tuwe juu ya Meru Ndogo." Sehemu hizo nitazieleza mbele. Mwambie na mwongozaji wako hivyohivyo, na wenzako wa kundi wasikie.

Askari hawa hupanda mlima huu mara nyingi kuliko mtu yeyote unayemjua. Safari moja niliomba vituo vitatu, afande akaniongezea cha nne, sehemu ambayo mbega hukaa asubuhi. Nisingeijua kamwe.

Angalizo: nyati akiwa karibu, kamera inashuka na unafuata amri. Usibishane.

## Hatua ya 3: Pasha mkono msituni

Siku ya kwanza mnatoka Momella, mita 1,500 hivi, hadi kibanda cha Miriakamba kwenye mita 2,500 na kidogo. Zipo njia mbili: fupi yenye mwinuko mkali, na ndefu inayozunguka kusini. Mpiga picha achukue ndefu. Inapita kwenye mtini mkubwa ambao mizizi yake imefanya tao juu ya njia, na msitu wake una miti iliyoning'iniza nyuzi za kijani kama ndevu.

Msituni wingu ni rafiki. Jua kali hupiga madoa meupe kwenye majani na kutia weusi kwenye vivuli, kamera ishindwe kubeba vyote viwili. Ukungu ukishuka, furahi.

Weka f/8 (f ni ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikikua, tundu hupungua) na ISO 400. Hakikisha kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, haishuki chini ya 1/125 ya sekunde kama umeshika kwa mkono, maana unahema kuliko unavyodhani. Kama una filta ya polaraizi, izungushe polepole ukitazama majani: mng'ao wa maji utaondoka na kijani kitakolea. Filta hiyo hula mwanga, basi ivue ukimaliza.

Kwenye tao la mtini mwombe mwenzako asimame chini yake. Bila mtu, hakuna atakayejua ukubwa wa mti ule. Kanuni hii itakufaa mpaka juu: mlima hauna kipimo mpaka uweke kitu ambacho jicho linakijua.

Futa lenzi kila baada ya nusu saa. Unyevu wa msitu hutua juu yake kama utando, na picha zote za siku hutoka na ukungu usiokuwepo.

## Hatua ya 4: Jioni ya Meru Ndogo

Siku ya pili ondokeni Miriakamba saa 1 asubuhi, si saa 3. Lengo ni kufika Mgongo wa Tembo kabla mawingu hayajapanda kutoka msituni, kwa sababu kufikia saa 4 au 5 kreta mara nyingi huwa imeshazibwa. Hapo piga kuta za kreta kwa lenzi pana, kisha endeleeni hadi kibanda cha Saddle, mita 3,500 na ushei. Kuleni, pumzikeni.

Alasiri wengi hulala. Wewe panda Meru Ndogo, mita 3,800 hivi, mwendo wa saa moja kutoka Saddle. Waongozaji huwapeleka watu huko ili wazoee hewa nyembamba. Kwa mpiga picha hapo ndipo mahali pa kwanza pa safari nzima, na nitaeleza kwa nini.

Asubuhi jua linatoka nyuma ya Kilimanjaro au ubavuni mwake, kwa hiyo Kibo mara nyingi huonekana kama kivuli. Ni picha nzuri, lakini ni ya umbo tu. Jioni jua liko magharibi, nyuma yako, nalo linaipiga Kibo usoni. Theluji huwa nyeupe, kisha ya dhahabu, kisha ya waridi. Anayetaka *sura* ya Kilimanjaro kutoka Meru aitafute jioni.

Sasa suala la ukubwa. Kutoka umbali wa kilomita 70, sehemu ya Kilimanjaro inayochomoza juu ya mawingu haifiki hata sehemu moja kati ya 20 ya kimo cha picha iliyopigwa kwa lenzi pana ya simu. Jicho lako linaikuza kwa sababu moyo umeshaikuza. Lenzi haina moyo wa namna hiyo. Kwa hiyo:

1. Weka lenzi ya kuvuta, milimita 100 hadi 200. Kwenye simu tumia lenzi ya 3x au 5x kama ipo. Usivute kwa vidole kupita hapo, maana simu huanza kukata picha na kuitanua, na miamba hugeuka uji.
2. Acha sehemu ya chini ya fremu ishike mawingu, au mgongo wa kilima cha karibu. Kibo ikielea peke yake haina pa kukaa.
3. Weka f/8, ISO 100, kamera kwenye tripodi au kimfuko cha maharage, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise.
4. Gusa theluji kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka mwanga na fokasi vifungwe, halafu telezesha kidole chini upunguze mwanga kidogo. Usipofanya hivyo simu itaangalia giza la bonde, na theluji itaungua, iwe doa jeupe.
5. Piga, subiri dakika mbili, piga tena. Usiondoke jua likishazama. Rangi ya waridi mara nyingi huja baadaye, kwa dakika chache.

Jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni, na huku karibu na Ikweta giza huingia upesi. Kubalianeni na afande saa ya kushuka kabla hamjapanda, na tochi iwe kichwani tayari.

Umefanikiwa kama ukiikuza picha kwenye kioo unaona mistari ndani ya theluji, siyo doa jeupe.

## Hatua ya 5: Andaa kila kitu kabla ya kulala

Kwenye hewa nyembamba akili hupungua kasi. Jambo la sekunde tano nyumbani huchukua dakika mbili juu, tena ukiwa na glovu. Basi yote yafanywe Saddle, usiku huo huo:

Weka faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Rudisha ISO 100. Badilisha memori kadi. Futa lenzi. Betri zote ziingie kwenye begi la kulalia pamoja nawe, na ukiondoka zikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Safari yangu ya kwanza niliziacha kwenye begi nje ya blanketi. Alfajiri kamera iliwaka, ikapiga picha nne, ikazima.

## Hatua ya 6: Njia ya usiku, kamera ndani

Mnaondoka saa 7 au 8 usiku. Mnapita Rhino Point, kisha ukingo mwembamba wa miamba na majivu, bonde la kreta likiwa mkono wa kushoto. Katika kipande hiki usipige picha ukitembea. Mikono yote miwili inahitajika. Kamera ikining'inia shingoni hugonga mwamba na kukuvuta mbele, kwa hiyo ifunge ndani ya kanga, juu kabisa ya begi.

Ukitaka nyota, mwombe afande msimame sehemu pana. Tripodi, f/2.8 au tundu kubwa kuliko yote uliyo nayo, sekunde 20, ISO 1600 hadi 3200, fokasi ya mkono kwenye nyota angavu. Picha mbili zinatosha, kisha twende, maana baridi ya kusimama ni hatari kuliko ya kutembea.

Kichwa kikiuma sana, ukitapika, au ukianza kuyumba, mwambie mwongozaji papo hapo na ushuke. Hakuna picha ya kungojea katika hali hiyo.

## Hatua ya 7: Dakika 30 za mapambazuko

Maelekezo mengi mtandaoni husema utapata "saa moja ya dhahabu". Yameandikwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako jua hupanda kwa kulala. Kwetu hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Ndani ya dakika 25 hivi limeshafika nyuzi 6 juu ya upeo, na rangi inaanza kukatika. Jua la Meru huchomoza kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 40 asubuhi kutegemea mwezi. Ukifika umechelewa nusu saa, umekosa.

Watu huumia wakitaka lazima wawe Socialist Peak, kilele chenyewe cha Meru, jua likitoka. Mimi sioni ulazima. Ukiona mashariki kumeanza kuwa na mstari mwekundu na bado hujafika, simama hapo hapo ukingoni, mahali salama. Ukingo wenyewe unakupa kitu cha mbele: mwamba, na wenzako wakipanda na tochi zao. Kileleni una kibao na bendera. Kilele kitakusubiri, mwanga hautasubiri.

Gawa muda hivi:

Dakika 20 kabla ya jua. Lenzi ya kuvuta, Kibo kama kivuli, anga la chungwa. Pima mwanga kwenye anga, siyo mlimani.

Jua likichungulia. Weka f/16 ili miale ichanue kama nyota. Piga tatu za mahali pamoja: ya kawaida, yenye giza zaidi, angavu zaidi. Mojawapo itakuwa sahihi, na ukitaka utaziunganisha baadaye. Usiliangalie jua kupitia kioo cha kuchungulia cha kamera.

Mara baada ya hapo, geuka nyuma. Karibu kila mtu husahau. Kivuli cha Meru kinalala magharibi kama pembetatu kubwa, juu ya mawingu na nyika, kuelekea milima ya Monduli. Kinaonekana kwa muda mfupi tu, kikizidi kufupika jua linavyopanda. Hapo ndipo lenzi pana inafanya kazi, na kama mwezi ni mpevu unaweza kuukuta ukining'inia juu ya kivuli hicho.

Dakika za mwisho ni za watu. Mwongozaji, mpagazi, afande, mwanga wa dhahabu usoni. Omba ruhusa, na ahidi kumtumia kila mmoja picha yake. Timiza.

Kila picha ya kushika kwa mkono: simama imara, toa pumzi nusu, bonyeza. Shata isishuke chini ya 1/250.

Umefanikiwa kama una picha za pande mbili, mashariki na magharibi, na angalau moja yenye mtu anayeonyesha ukubwa wa mahali.

## Hatua ya 8: Kushuka na kreta kuliani

Wengi hufunga kamera kileleni. Lakini kreta ya Meru imebomoka upande wa mashariki, iko wazi kama kiatu cha farasi, na jua la asubuhi linaingia moja kwa moja ndani. Kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi kile kilima cha majivu katikati yake kinaonyesha mistari yote, na ukuta nyuma yake huwa wa kahawia na zambarau. Mchana ukuta huohuo unakuwa kivulini.

Piga wima na piga ulalo. Weka mwamba wa ukingo chini ya fremu na fokasi uiweke theluthi ya njia kuelekea mbele, kwa f/11, ili karibu na mbali vyote viwe vikali. Simama mita mbili kamili kutoka ukingoni. Majivu yaliyolegea huteleza bila kuonya, na mtu anayetazama kioo haoni miguu yake.

Mkiteremka hadi kwenye joto, usitoe kamera ghafla. Iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto taratibu. Ikitoka moja kwa moja kwenye baridi, unyevu hutanda kwenye lenzi.

## Hatua ya 9: Nyumbani

Kabla ya kuoga, nakili kadi zote sehemu mbili tofauti. Kisha chagua picha 15, zisizidi.

Kwa kila moja: nyoosha upeo, punguza sehemu angavu mpaka mawingu yaonyeshe umbo, inua vivuli kidogo, ondoa utando wa ukungu kwa kiasi. Rangi ziguse kwa mkono mwepesi. Meru ni mlima wa majivu na kahawia, na buluu iliyozidi humfanya hata aliyekuwepo asiutambue. Linganisha na ile uliyoipigia afande usoni: ngozi yake ikionekana kama yake, na mwamba nao uko sawa. Hiyo ndiyo utume kwanza, kwake.